Huyu Mbona Amemkatia Mwenzake Simu?

Mamangu alikuja Nairobi mwezi wa pili kwa ajili ya macho. Kliniki ilikuwa Jumanne, arudi tena Ijumaa, kwa hivyo katikati hapo alikaa kwangu Roysambu, kwenye keja ambayo ukifungua mlango vibaya unagonga kitanda. Jioni tulikula, tukaosha vyombo, kisha tukaangalia tamthilia kwa laptopu yangu, yeye ameisogeza karibu kabisa na uso, mimi nikimtafsiria pale Kiingereza kilipokimbia.

Ilikuwa tamthilia ya polisi, ya Marekani. Mpelelezi mwanamke anapigiwa simu. Anasikiliza, anasema "Nakuja," anairudisha simu mfukoni, anachukua koti. Mama akageuka akaniangalia.

"Huyu mbona amemkatia mwenzake simu?"

"Hajamkatia, Mama. Wamemaliza kuongea."

"Wamemaliza saa ngapi? Hata kwaheri hakuna. Wamekosana hawa?"

Nikamwambia hawajakosana, ndivyo wanavyofanya kwa TV. Akakubali kwa ile sauti ya mtu ambaye hajakubali. Dakika chache baadaye yule mpelelezi na aliyempigia wakakutana ndani ya gari, wakaongea kazi vizuri tu, na Mama akauliza wamepatana lini. Tangu hapo hakuwaamini tena. Kila walipokaa pamoja alikuwa anangoja ule ugomvi wa simu ulipuke. Yaani yeye alikuwa anaangalia tamthilia nyingine kabisa, na nikiri, ya kwake ilikuwa tamu kuliko yangu.

Kilichonisumbua ni kwamba mimi sikuwa nimeona chochote. Mimi ni wa kizazi kilicholelewa na DVD za River Road, diski moja shilingi 50, na sheria za dunia ile tulizijua kabla hatujajua za barabarani. Jack Bauer wa 24 alianza kuiokoa Marekani mwaka wa 2001, kila msimu siku moja nzima, na sikumbuki akiomba ruhusa ya kwenda haja. Mtu akiwasha tivi, habari inayomhusu ndiyo inayosomwa sekunde hiyo hiyo, na akishaisikia anazima, hangoji hata hali ya hewa. Gari hupata pa kuegesha mbele ya mlango hasa. Kikombe cha kahawa hubebwa kama unyoya, unaona kabisa hakina kitu ndani. Mwanamke huamka asubuhi wanja ukiwa umekaa sawa. Mfuko wa sokoni lazima uchomoze mkate mrefu, ambao sijawahi kuona mtu akiula.

Haya tushayacheka sana, na kuyacheka ni rahisi. Kila filamu hukata, na lazima ikate. Tukimfuata yule mpelelezi akitafuta funguo, akingoja lifti, akijaza fomu ya mafuta ya gari, tutalala kabla ya maiti ya kwanza. Mimi sina ugomvi na mkasi. Ninachouliza ni nani aliamua kwamba kile kipande ni takataka, na je, kwetu pia ni takataka?

Chukua Friends. Kwa miaka 10, 1994 hadi 2004, mpishi na mhudumu wa mkahawa waliishi Manhattan kwenye nyumba ambayo hata mtu wa benki angeihangaikia. Waandishi walijua watu watauliza, wakatupa sababu: nyumba ilikuwa ya nyanyake Monica, na kodi yake ni ile ya zamani iliyodhibitiwa. Ni sababu nyembamba, lakini angalau wamekiri kwamba duniani kuna kodi. Sisi huku tumechukua nyumba kubwa tukaiacha ile sababu.

Washa tamthilia yoyote ya kwetu yenye familia tajiri, na siku hizi karibu zote zinayo moja, halafu ungoje asubuhi. Meza imetandikwa. Soseji, mayai, tikiti maji limekatwa pembetatu, juisi ya machungwa kwenye jagi la kioo. Kijana anashuka ngazi mbio, anapiga funda moja la juisi, anasema amechelewa, anaondoka. Babake anafungua gazeti. Basi.

Jameni. Ni nyumba gani ya Kenya, ya tajiri ama ya maskini, ambapo mtoto ataacha mayai mawili mezani na mama mzazi akatabasamu? Hata hao matajiri, pesa yao ni ya juzi. Mama mwenye nyumba alikula uji usio na sukari Kangundo ama Kapsabet, na hajasahau. Kijana angerudishwa kutoka langoni. Angekula akiwa amesimama, viatu miguuni, akihubiriwa kuhusu watoto ambao leo hawajaona hata chai ya rangi. Na hapo ndipo tungemjua mama huyo ni nani, alitoka wapi, anaogopa nini. Onyesho zima la hulka ya mtu lilikuwa pale mezani, likatupwa ili tufike haraka kwa mahali ambapo atamwambia mtu, "Hutawahi kuolewa katika familia hii."

Mamangu, tulipoangalia moja ya hizo siku ya Alhamisi, aliuliza swali moja tu: "Hayo mayai sasa yanaenda wapi?"

Nilicheka, halafu nikagundua kwamba anayejua jibu yupo ndani ya picha. Ni yule dada wa kazi. Ameleta sinia, ameambiwa asante, ametoka. Yeye ndiye anajua kama mayai yanaingia kwa friji, kwa mbwa, ama kwa tumbo lake mwenyewe akiwa amesimama jikoni mlango umerudishwa. Tukishakubaliana kwamba kula, kupika na kufagia hakuna hadithi, basi watu wote wanaoishi kwa kupika na kufagia nao wanakosa hadithi. Wanabaki kubeba sinia.

Mwingine aliyepotea ni askari wa lango. Nairobi ya leo huingii ghorofa ya watu ovyo ovyo. Utaandika jina kwa kile kitabu kilichokunjika kona, nambari ya kitambulisho, nyumba unayoenda, saa, na kalamu imefungwa kwa uzi. Halafu askari atapiga simu juu: "Madam, kuna mgeni hapa anasema anaitwa nani sijui." Lakini kwa TV adui anatokea mlangoni Kilimani saa nne usiku kama upepo, hakuna hodi, hakuna kitabu, na mlango wenyewe uko wazi. Mwenye nyumba anageuka, "Wewe! Umefikaje hapa?" Swali zuri sana. Mimi pia ningependa kujua.

Na si kwamba hatujawahi kulijua hili. Papa Shirandula, mhusika wa marehemu Charles Bukeko kule Citizen, alikuwa askari wa lango. Kichekesho kizima kilisimama juu ya jambo hilo moja: mwanamume analinda lango mjini, na hataki mkewe ajue kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Sare aliyovaa ilikuwa siri. Toa sare, toa lango, toa ile aibu ya kufungulia mtu gari, na kipindi hakipo. Watu waliangalia miaka na miaka, na si kwa sababu ya picha kali, maana picha haikuwa kali. Waliangalia kwa sababu kila mtaa ulikuwa na mtu aliyekuwa amewaambia watu wa nyumbani kwamba anafanya kazi ya ofisi.

Halafu kuna matatu. Wahusika wetu hupanda na kushuka bila kulipa, ama wanatoa noti bila kuiangalia na kusahau kuna kitu kinaitwa chenji. Wewe unayesoma hii, niambie mara ya mwisho ulisahau chenji lini. Mimi nikitoa 500 kwa nauli ya 80, sioni barabara tena, naona mkono wa makanga tu. Na yeye, akikosa noti ndogo, anafanya ile hesabu ya ajabu: anakupa wewe na mtu wa kiti cha nyuma noti moja, "Nyinyi wawili mtagawana," anaruka, gari linaondoka. Sasa mko kando ya Thika Road, watu wawili msiojuana, mmeunganishwa na noti ya 200. Mnatafuta kioski cha kununua maji ili mpate kuivunja. Mmoja ana haraka. Mmoja ana aibu ya kudai shilingi 60. Mwishowe mmoja anasema, "Nipe namba nikutumie." Mapenzi mangapi ya kwetu yangeanza hivyo, nasi tunaendelea kuwagonganisha watu kwenye korido wakiwa wamebeba vitabu, vitabu vinaanguka, wanainama pamoja. Ni chuo gani Kenya watu bado wanabeba vitabu vitano mkononi?

Filamu zinazojua kazi yake haziogopi vitu hivi. Nairobi Half Life ya 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, ina choo. Mwas ametoka kijijini kuja kuwa mwigizaji, siku ya kwanza tu ameporwa, ameishia selo, na humo ndani anaamrishwa asafishe choo ambacho nadhani kila aliyeiona filamu ile alikinusa. Anakisafisha. Anakisafisha kwa mbwembwe, kama mtu aliye jukwaani, na ndivyo Oti anavyomwona, na ndivyo anavyoingia katika genge, na yote yanayofuata yanafuata. Kipande ambacho sinema nyingi zingekiruka ndicho kilichobeba filamu nzima.

Hitchcock naye alifanya karibu hivyo hivyo kwa Psycho, 1960, wakati ambapo sinema za Marekani zilijifanya kwamba vyoo havijavumbuliwa. Marion anapiga hesabu ya pesa alizoiba, anararua karatasi, anaitupa chooni, anavuta maji. Baadaye kipande cha karatasi hiyo kinapatikana kimebaki, na ndicho kinachothibitisha kwamba alikuwa mle. Kama kawaida ya Hollywood ingefuatwa, asingekuwa na choo, na dadake asingepata ushahidi.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuna Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, 1975, zaidi ya saa tatu za mama mjane wa Brussels akimenya viazi, akioga, akitandika kitanda, na mchana akipokea wanaume kwa malipo. Niliimaliza kwa siku mbili na bando mbili. Sitakudanganya kwamba sikuangalia simu. Lakini siku yake ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, na yule mama anazunguka nyumba na sufuria mkononi asijue aimwage wapi, nikashtuka kuliko nilivyowahi kushtushwa na bunduki. Nilikuwa nimeshajua jikoni mwake. Nilijua kwamba mwanamke huyu haunguzi viazi. Wahakiki waliopigia kura jarida la Sight and Sound mwaka wa 2022 waliiweka ya kwanza kati ya filamu bora za wakati wote, na watu wengi walikasirika, na mimi nawaelewa walio pande zote mbili.

Kwetu wanaoifanya kazi hii vizuri siku hizi ni watu wa video fupi. Njugush na Wakavinye walijijengea jina kwa ugomvi mdogo mdogo wa nyumbani. Crazy Kennar alianza akiwa mwanafunzi JKUAT, anavaa leso anakuwa mama, anaivua anakuwa mtoto. Hawakuwa na nyumba ya Runda ya kukodi, kwa hivyo walibaki na tulichonacho sote: mgeni amekuja na hakuna sukari, mama anakupa yale macho mbele ya watu. Wakati mwingine nadhani umaskini wa vifaa uliwaokoa.

Nijue pia kuwa na haki. Watayarishaji wa tamthilia si wajinga. Kufunga barabara ili upige picha ya matatu kunahitaji kibali, polisi, na pesa. Nyumba moja ya kukodi unaweza kuikalia wiki nzima na kumaliza vipindi kadhaa sebuleni, ndiyo maana kila jambo la maana duniani linatokea kwa kochi. Mwigizaji analipwa kwa siku. Mhariri ana dakika zake na matangazo yanangoja. Sawa. Lakini salamu haihitaji kibali. Kwaheri haikodiwi.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa ndani. Kwa miezi kadhaa niliandikia kampuni moja ambayo jina lake nitalimeza. Tulikuwa waandishi watano, kipindi ni nusu saa, na sheria ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kuingia kwenye onyesho likiwa limeshaanza na kutoka kabla halijaisha. Ni sheria nzuri, kwa kiasi chake. Katika kipindi changu mzee wa familia alikuwa afe. Mpango ulikuwa ule mnaoujua: daktari anatoka, anavua barakoa, anatikisa kichwa. Mke anapiga ukemi. Kisha kaburi, miwani nyeusi, wakili na wosia.

Wakati huo mjomba wangu, kitinda mimba wa kwao Mama, alikuwa hajamaliza mwaka tangu atutoke. Alifia hospitalini hapa Nairobi, Alhamisi asubuhi. Tulimzika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kwa TV hizo siku tisa ni mkato mmoja, jicho halijui hata limeruka. Mimi nilikuwa ndani yake. Nilikuwa ndiye mwenye kazi ya karibu, kwa hivyo nilipewa karatasi. Ukweli ni kwamba sikumbuki vizuri uso wa daktari. Nakumbuka dirisha la keshia, lile tundu la chini unalopitishia pesa, lililo chini mno hadi kila mtu anainama kana kwamba anaomba msamaha. Nakumbuka keshia akiniuliza, "Ni nani anasimamia huyu mgonjwa?" Alisema mgonjwa, siku ya tatu baada ya kifo, kwa sababu kompyuta ilikuwa bado haijabadilishwa. Nikamjibu ni mimi.

Bili haikufa naye. Kila siku tuliyochanga, chumba cha maiti kiliongeza siku yake, kwa hivyo tulikuwa tukikimbiza gari ambalo nalo linakimbia. Kundi la WhatsApp lilikuwa na watu 114. Kuna binamu mmoja alikuwa anaandika jumla kila saa mbili, na chini yake orodha ya waliotoa, na sote tukijua orodha hiyo ni ya nani hajatoa. Shangazi mmoja alituma shilingi 200, akaandika, "Hii ndiyo niko nayo," na mtu mwingine mwenye gari akatuma emoji ya mikono iliyokunjwa. Mambo hayo hayajaisha katika ukoo wetu hadi leo. Mahakama Kuu iliamua mwaka wa 2015, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani kwa kukosa pesa za matibabu, kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kumvunjia haki. Binamu yule aliposema hivyo pale dirishani, keshia alimwangalia kwa huruma ya kweli, akamwambia akaone ofisi ya mikopo, ghorofa ya pili, wako lunch.

Jumatano tulimaliza kulipa. Tukapewa kijikaratasi cha kuonyesha langoni. Askari alikisoma akainua kile kizuizi, na mamangu, ambaye hakuwa amelia tangu Alhamisi, akamwambia yule askari asante, akaanza kulia hapo.

Kwa hivyo nilipopewa mzee wa kufa, niliandika dirisha. Kurasa tatu. Niliacha lile neno "mgonjwa" jinsi lilivyo. Niliweka askari na kijikaratasi. Sikuongeza chochote, nadhani nilipunguza.

Ilirudi na maneno matano ya kalamu nyekundu pembeni: "Inavuta. Ruka mpaka kwa mazishi." Na chini kidogo, mtu alikuwa ameuliza kama hii familia si ni tajiri, bili inawasumbuaje? Hilo la pili lilikuwa swali halali. Nilipaswa kupigania hapo, niseme basi mfanyeni keshia amtambue yule mke, au mfanyeni mtoto mkubwa akatae kutoa kadi yake mbele ya mama mdogo, maana pesa nyingi zina madirisha yake pia. Sikusema kitu. Rent ilikuwa tarehe 5. Niliruka mpaka kwa mazishi, nikaweka miwani nyeusi, nikalipwa.

Onyesho hilo lilirushwa. Halikuwa baya. Mwigizaji wa yule mke ni mzuri sana, ukemi wake ulinitoa nywele. Lakini niliangalia vidole vyake vikiwa kaburini, vimepakwa rangi vizuri, nikajua kwamba hakuna mtu aliyekaa naye hizo siku tisa. Alitoka kwenye kilio akaingia kwenye wosia, na kwa hivyo alipompigania wakili, alionekana mwenye tamaa. Kumbe mtu aliyeinama dirishani siku tisa ana haki ya kuuliza habari za pesa. Tulimkata huo wakati, tukamfanya mbaya.

Na hapa narudi kwa simu. Kifo hicho, mimi niliambiwa kwa simu, siku mbili kabla hakijatokea. Mama alinipigia jioni kutoka Voi. Hujambo, habari ya kazi, umekula nini, huko kunanyesha, huku hakunyeshi, mbuzi wa jirani ameingia tena shambani, kanisani kuna mchango wa mabati. Mimi nilikuwa nikijibu ee, ee, jicho moja kwa laptopu. Dakika nne hivi. Kisha akaanza kuaga. Haya basi mwanangu, ulale salama, ufunge mlango. Haya. Haya Mama. Haya. "Ai, na nilikuwa nasahau. Mjomba wako huko hospitalini leo hakunitambua kwa simu."

Hakuwa anasahau. Tunajua sote kwamba hakuwa anasahau. Mtu mwenye adabu hakurushii msiba ukiwa hujaketi. Anakuuliza umekula, anakupitisha kwa mbuzi, na ukishatulia, katikati ya kwaheri ya tatu na ya nne, anakuwekea mkononi. Habari zote kubwa za maisha yangu nimezipata hivyo, upande huo wa simu: nani ana mimba, nani amefutwa kazi, shamba la babu limeuzwa. Angekuwa ni mpelelezi wa Marekani angekata simu dakika tatu mapema, na mimi ningelala nikijua habari za mbuzi.

Ijumaa nilimsindikiza hadi stendi. Macho yalikuwa yamepewa matone na tarehe nyingine. Tuliagana mlangoni mwa basi, tukaagana tena dirishani, basi likakaa dakika 20 bila kuondoka, tukaagana upya kila liliponguruma. Usiku akapiga kusema amefika. Barabara ilikuwaje, Mtito wamesimama sana, alikula samosa mbili, moja ilikuwa baridi. Nikanywa matone? Ya macho hayanywewi, akacheka. Haya basi mwanangu. Haya Mama. Ulale salama. Haya.

"Ai, na nilikuwa nasahau."

Nikaketi kitandani.

"Yule msichana polisi na mwenzake, walikuja wakasameheana?"

Nikamwambia hawakuwa wamekosana, Mama.

Akanyamaza kidogo. "Basi alimkatia simu ya nini?"